Meza ya asubuhi ni soko lililosahaulika Kanda ya Ziwa

Si jambo la ajabu siku hizi, ukipita Sengerema, Magu, Misungwi au Nansio Jumamosi asubuhi, kukuta marafiki watano au kumi wameunganisha meza mbili za mgahawa wakinywa chai pamoja. Ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa samaki, madereva, au wanakwaya waliotoka mazoezini. Wamechangishana, wamefika, na hawana haraka.

Kinachowavuta wengi wao ni chakula cha kujihudumia, maarufu kwa jina la bufee. Zamani huduma hii ilikuwa ya hoteli kubwa za katikati ya jiji la Mwanza na kambi za watalii. Sasa imefika hadi kwenye nyumba za wageni na migahawa ya kawaida. Mteja analipa mara moja, anachukua sahani, anajipakulia anachotaka, na akimaliza anarudi tena bila kuulizwa.

Raha yake inaeleweka. Katika kundi la marafiki mmoja anataka supu, mwingine uji, wa tatu chai na yai tu. Kwa utaratibu wa kuagiza, wa supu atakuwa amemaliza kabla chapati ya mwenzake haijaiva. Kwa bufee wote wanaanza pamoja na kuondoka pamoja. Hakuna anayeona haya bili inapoletwa, maana kila mmoja aliijua kabla hajakaa. Mazungumzo hurefuka, na si mara chache biashara hufanyika hapo hapo: mwenye mpunga hupata lori, na mwenye lori hupata mzigo.

Tatizo liko kwenye sahani. Kwenye meza nyingi za aina hii mteja atakuta mkate wa slesi, siagi ya kopo, soseji, chai ya majani na juisi ya unga uliokorogwa kwenye maji. Mayai yapo, na chapati. Tunda likiwapo ni vipande vichache vya tikiti maji. Mkate na chapati hutokana na ngano, na sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje. Soseji imesafirishwa kwenye barafu kutoka mbali. Juisi ina ladha ya chungwa ambalo halikuwahi kuota kwenye mti.

Nje ya mlango wa mgahawa huo huo mama amekaa na sufuria ya viazi vitamu, mwingine anachoma vitumbua, na kijana anapita na baiskeli yenye madumu ya maziwa. Hao hawakuulizwa. Fedha ambazo marafiki wale wamezitoa kwa furaha zinaondoka wilayani siku hiyo hiyo, kwenda kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa.

Foleni ya kivuko imekwisha

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi tangu Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema. Daraja hilo lina urefu wa kilomita tatu. Ghuba ya Mwanza, ambayo kuivuka kwa kivuko kuliweza kumgharimu msafiri saa mbili na zaidi akihesabu na kusubiri, sasa inavukwa kwa dakika chache.

Faida za daraja hazina ubishi. Mgonjwa anafika hospitali mapema, na nanasi la Geita linafika sokoni Mwanza kabla jua halijaliharibu.

Hata hivyo, foleni ile ilikuwa pia mteja. Abiria aliyekwama kivukoni alikuwa na njaa na alikuwa na muda, vitu viwili ambavyo kila muuza chakula huviomba. Alinunua samaki wa kukaanga, mayai ya kuchemsha na chai ya tangawizi kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Basi lisilopanga foleni halina sababu ya kusimama.

Maana yake ni kwamba mteja wa lazima ameondoka, na anayeweza kupatikana sasa ni mteja wa hiari. Mteja wa hiari hasimamishi gari kwa ajili ya mkate wa slesi, kwa kuwa anao nyumbani kwake Nyegezi. Lakini marafiki wa Mwanza au wa Geita wenye gari moja wanaweza kabisa kuamua Ijumaa jioni kwamba kesho watakwenda kunywa chai Busisi au Sengerema, mradi kuna kitu cha kukifuata. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona ikiwa kila kilicho mezani amekinunua duka la jumla mjini.

Nini kiwekwe mezani

Kanda ya Ziwa haina upungufu wa vyakula vya asubuhi. Cha kwanza ni samaki. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Supu ya sato au ya sangara yenye ndimu na pilipili, pamoja na ndizi za kuchemsha, ni kitu ambacho mgeni kutoka Dodoma au Dar es Salaam hukiulizia mapema. Tangu viwanda vya minofu vilipoanza kazi Mwanza miaka ya 1990, minofu ya sangara imekuwa ikienda Ulaya na mapanki yakibaki kwa mlaji wa hapa. Meza ya asubuhi inayolipa vizuri ni njia mojawapo ya kufanya sehemu ya minofu hiyo ibaki nyumbani.

Mwenye mgahawa ahakikishe tu kwamba ananunua samaki halali. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Hapa wanaofuga sato kwenye vizimba wana nafasi nzuri, kwa kuwa wanaweza kutoa samaki wa ukubwa unaolingana, na bufee hupenda vipande vinavyolingana.

Cha pili ni viazi vitamu. Wasukuma huvila vya kuchemsha wakati wa mavuno na kuvikausha kwa ajili ya kiangazi. Vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi huitwa michembe, na vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huitwa matobolwa. Matobolwa na maziwa ya mgando ni kifungua kinywa kamili, hayaozi upesi na hayahitaji jokofu. Vipo pia viazi lishe vyenye rangi ya chungwa, ambavyo vina vitamini A kwa wingi na hupendeza kwenye sinia. Mkulima anayehitaji ushauri hana haja ya kwenda mbali. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru wilayani Misungwi, ambacho wengi wanakijua kwa mbegu za pamba, hushughulika pia na mazao ya mizizi.

Cha tatu ni vitumbua. Kitumbua hutokana na mchele, na mpunga unalimwa Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema. Hata chenga, ambazo mwenye mashine huziuza kwa bei ya chini, zinafaa kusagwa kwa kazi hiyo. Kila kitumbua kinachochukua nafasi ya slesi ya mkate ni fedha iliyobaki kwa mkulima wa mpunga badala ya kwenda kununua ngano ya nje.

Vipo na vingine. Kagera wanalima kahawa ya robusta na Tarime wanalima arabika, na Bukoba kuna kiwanda cha kahawa cha Tanica. Ni aibu kwa meza iliyo katikati ya maeneo hayo mawili kumpa mgeni chai ya majani pekee. Machungwa yapo Ukerewe, mananasi yapo Geita, na maembe yakiiva huanguka hadi yakakosa mlaji. Mgahawa wenye mashine ndogo ya kukamua hauna sababu ya kukoroga unga.

Kwa nini hawanunui

Wenye migahawa wana sababu zao, na ni vema zikasikilizwa. Mkate hufika kila siku saa 12 asubuhi, kwa ukubwa ule ule na bei ile ile. Mkulima huleta magunia matatu ya viazi wiki hii, na wiki ijayo haonekani. Maziwa huwa mengi wakati wa mvua, hupungua kiangazi, na mengine huwa yameongezwa maji. Mayai ya kienyeji huja kumi leo na manne kesho. Mpishi mwenye wateja 40 wanaofika saa mbili asubuhi hawezi kupanga kazi kwa utaratibu huo.

Mkulima naye ana lake la kusema. Anapeleka mali asubuhi, anaambiwa aje jioni. Jioni anaambiwa aje mwisho wa mwezi. Wapo waliochoshwa na kukopwa namna hiyo wakarudi kuuza barabarani, kwa bei ndogo lakini fedha mkononi.

Wapo pia wanaodai kwamba mteja mwenyewe ndiye anayetaka soseji, na kwamba mtu hatoki na marafiki zake kwenda kulipia kiazi anachokula nyumbani. Hoja hii ina ukweli wake. Kwa miaka mingi mkate umehesabiwa kuwa heshima na kiazi kuwa shida. Lakini bufee yenyewe ni mizani ya kulipima jambo hilo. Mwenye mgahawa aweke vyote viwili kwa wiki nne, kisha ahesabu kila siku kilichobaki. Sinia linalorudi jikoni likiwa limejaa limekwisha kusema.

Ahakikishe tu kuwa upimaji ni wa haki. Kiazi kilichomenywa, kikakatwa vipande sawa na kuwekwa kwenye chombo cha kutunza moto hakifanani na kile kilichomwagwa kwenye beseni na udongo wake.

Hesabu ya meza moja

Chukulia mfano wa mgahawa unaopata wateja 40 kila Jumamosi. Wakila mayai mawili kila mmoja, hayo ni mayai 80, yaani trei mbili na mayai 20. Kila mmoja akitumia robo lita ya maziwa, iwe kwenye chai, kahawa au mtindi, hizo ni lita 10. Robo kilo ya viazi kwa kila mtu ni kilo 10. Glasi moja ya juisi inayotokana na machungwa matatu inahitaji machungwa 120.

Kwa haraka haraka inaonekana ni kidogo. Kwa Jumamosi 52 za mwaka, hata hivyo, ni mayai 4,160, maziwa lita 520, viazi kilo 520 na machungwa 6,240. Hiyo ni siku moja ya wiki, kwenye mgahawa mmoja. Mji wenye migahawa mitano ya namna hiyo utahitaji mayai 20,800 kwa ajili ya Jumamosi peke yake, kazi inayolitosha banda la kuku 100 wa mayai.

Na kilicho bora kuliko wingi huo ni uhakika. Mkulima anayejua tangu Jumatatu kwamba Ijumaa jioni zinatakiwa kilo 10 za viazi vilivyooshwa na kuchaguliwa hatakubali kirahisi kumuuzia mchuuzi kwa lumbesa. Vile vidogo na vilivyokatwa na jembe atavianika viwe michembe, na hiyo nayo ina siku yake mezani.

Karatasi moja inatosha

Kinachotakiwa ni makubaliano, na yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja: bidhaa gani, kiasi gani, siku gani, saa ngapi, bei wakati wa mavuno na bei wakati wa uhaba, na malipo yatafanyika lini. Mwenye mgahawa anayelipa siku ile ile, taslimu au kwa simu, ana haki ya kukataa maziwa yaliyoongezwa maji na mayai yaliyokaa. Anayekopa hana mdomo wa kudai ubora.

Kwa upande wa wazalishaji, mmoja mmoja hawataweza. Kikundi cha wakulima wanane kinaweza kuziba pengo pale shamba la mmoja linapokauka au ng'ombe wa mwingine anapokata maziwa. Wafugaji wanaohifadhi majani makavu kwa ajili ya kiangazi ndio watakaouza wakati wenzao hawana, na huo ndio wakati bei inapokuwa nzuri. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Wanaotaka kusindika matobolwa au juisi na kuvifunga wanaweza kupata mafunzo SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mkoani Mwanza. Wakumbuke pia kwamba tangu mwaka 2019 masuala ya ubora na usalama wa vyakula yako chini ya TBS.

Mwenye mgahawa naye asiingie kwenye bufee kwa kufuata mkumbo. Biashara hii hufa kwa mabaki. Chakula kisipikwe chote kwa mara moja. Sinia lijazwe nusu, na lingine liwe jikoni. Mayai yakaangwe mteja akiwa amesimama pale. Vyakula vya moto vitunzwe kwenye joto la nyuzi 60 au zaidi, na kisichotunzwa kwenye moto wala kwenye baridi kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Supu ya samaki iliyopoa na kupashwa mara tatu itamfukuza mteja na marafiki zake wote, kwa sababu walikuja pamoja na wataugua pamoja.

Hilo ndilo jambo la kuzingatia kuhusu wateja wanaokuja kwa makundi. Mmoja akiridhika, wenzake tisa wamesikia. Akichukizwa, tisa wamesikia pia. Mgahawa ufanye iwe rahisi kwao kuja: namba ya simu ya kuweka nafasi siku moja kabla, bei inayojulikana, nusu bei kwa watoto, na punguzo kwa kundi linalofikia watu 10. Nafasi ikiwekwa Ijumaa mchana, mpishi anajua awaambie wakulima walete kiasi gani.

Wateja nao wana wajibu wao. Kulipa mara moja si ruhusa ya kujaza sahani kama kilima na kuiacha nusu. Kinachotupwa kimelimwa na mtu, na gharama yake itaonekana kwenye bei ya Jumamosi ijayo. Chukua kidogo, onja, urudi tena. Ndiyo raha yenyewe ya kujihudumia.

Halmashauri za Misungwi na Sengerema nazo zina sehemu yao kwenye pande zote mbili za daraja. Msafiri wa hiari hutaka mahali salama pa kuegesha gari, choo safi na maji ya kunawa kabla hajauliza kuna supu gani. Mama lishe aliyekuwa akiuza kivukoni hawezi kujijengea vitu hivyo peke yake, ila vikiwapo anaweza kulipa ushuru wake bila kusukumwa.

Hakuna haja ya kusubiri mradi wala mfadhili. Mwenye mgahawa aanze Jumamosi ijayo na sinia moja la matobolwa, mtungi mmoja wa maziwa ya mgando na sufuria moja ya supu ya sato. Vyote avinunue kwa majirani zake, awalipe kabla wateja hawajafika, kisha ahesabu kilichobaki.